Mhusika wangu anabadilika sura kila nikimchora upya. Nianzie wapi kujifunza?

Penseli_Mwanjelwa aliandika:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Nipo Mbeya, nafanya kazi kwenye duka la steshenari karibu na soko la Mwanjelwa. Nina miaka 24. Nimechora tangu darasa la pili, ila kujifunza hasa, kwa maana ya kukaa chini na kutafuta kosa langu liko wapi, nimeanza mwaka jana. Kila karatasi inayoharibika kwenye mashine ya kutolea kopi, upande wake wa pili ni wangu. Nina boksi zima chini ya kaunta.

Nina hadithi ya mtoto wa kike anayeitwa Sekela. Ana miaka tisa, anaishi Rungwe, na kila asubuhi kabla ya shule anapeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Hadithi yote nimeiandika kwenye kauntabuku. Nikachora kurasa 12 nikampelekea mtu mmoja anayechapisha vitabu vya watoto. Alizipitia zote mbele yangu, akanirudishia, akasema hadithi anaisikia, lakini mtoto wa ukurasa wa 3 siye wa ukurasa wa 7. Akasema humu kuna watoto watano.

Nilirudi na bajaji nikiwa nimezipakata karatasi zangu. Usiku nikazipanga sakafuni, moja ubavuni mwa nyingine, nikaona alichokiona. Ukurasa wa 3 Sekela ana kidevu kirefu. Ukurasa wa 7 uso ni mviringo kama chungu. Ukurasa wa 9 amerefuka hadi kumpita mama yake. Kinachowaunganisha wote ni gauni la maua tu, na nadhani gauni hilo ndilo lililonifumba macho siku zote.

Jambo la pili, akisimama anapendeza, akikimbia anakuwa gogo lenye miguu.

La tatu ndilo lililoniuma zaidi. Mdogo wangu alitazama akasema macho haya ni ya katuni za Kijapani. Ni kweli, nilijifunza kwa kunakili kutoka kwenye simu, na katuni hizo nazipenda. Ila mimi nataka mtoto wa Tukuyu akimwona Sekela aseme huyu ni wa kwetu.

Vifaa nilivyonavyo ni penseli za HB, raba, kalamu ya wino mweusi na simu janja iliyopasuka kioo kona moja. Kompyuta ya dukani naruhusiwa kuitumia baada ya saa 12 jioni. Chuo cha sanaa cha Bagamoyo nimekisikia, lakini kwa sasa siwezi kuacha kazi, kuna watu wananitegemea. Nimeambatisha kurasa tatu. Aliyepita njia hii anielekeze, na makosa myaseme kama yalivyo.

LeyaTatu aliandika:

Dada pole na kazi. Mimi nipo Uyole, nachorea simu, tableti sijawahi kumiliki. Pakua ibisPaint X, ya bure inatosha, matangazo utayavumilia tu. Ukishaiweka inafanya kazi hata bando likiisha. Piga picha mchoro wako wa penseli, uingize humo, upunguze uzito wa leya hiyo (leya ni kama karatasi angavu zilizopangwa juu ya nyingine) mpaka penseli ibaki kama moshi, halafu fungua leya mpya juu yake upige mstari safi. Mkono ukitetemeka kuna sehemu ya kutuliza mstari, ipandishe kidogo. Kwenye kompyuta ya dukani weka Krita, nayo ni bure kabisa, hakuna cha kulipia mwezi wa pili.

Kuhusu kufanana, mimi huchora uso mmoja uliokamilika, nauhifadhi, kisha naubandika kila ukurasa nikibadilisha mdomo tu. Jaribu hivyo, utaokoa muda mwingi.

FundiMabango_Iringa aliandika:

Marahaba binti yangu, na kamwene kwa wote mliomo humu.

Swali lako nimelisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimeshika kalamu. Mimi ni fundi wa mabango hapa Iringa. Nimepaka kuta za shule, mabucha, saluni na milango ya magari tangu ujana wangu. Baadaye nikapata kazi za kuchora picha za vitabu vya kusomea vya watoto na mabango ya afya, na humo ndimo nilimokutana na tatizo lako hilihili. Nilichora familia moja kwa mabango sita. Baba wa bango la kwanza na baba wa bango la nne hawakuwa mtu mmoja. Nilirudia yote sita kwa rangi ya kununua mwenyewe, kwa hiyo najua unavyojisikia.

Kijana wa Uyole amekueleza vizuri habari za simu, lakini hilo la kubandika uso nalikataa. Uso wa kubandika hauinami mwili unapoinama. Sekela akitazama tope mbele ya miguu yake, kichwa kizima kinabadilika: utosi unakuwa mkubwa, kidevu kinajificha, masikio yanapanda juu kuliko macho. Hilo utalijenga mwenyewe kila mara, hutalipata kwa kubandika.

Kujenga kwenyewe ni hivi. Usianze na macho. Anza na umbo moja ambalo mkono wako unaweza kulichora mara hamsini bila kufikiri. Kichwa cha Sekela ni yai? Ni boga? Ni kitunguu? Chagua, halafu usilibadilishe tena. Juu ya umbo hilo zungusha mistari miwili kama kamba za kufungia mzigo. Mmoja unashuka kutoka utosini hadi kidevuni ukipita katikati ya uso, mwingine unazunguka usawa wa macho. Kichwa kikigeuka, kamba zinageuka nacho na zinapinda kufuata mviringo wake. Macho yanakaa juu ya kamba ya ulalo, pua chini kidogo ya makutano. Uso wako unahama kwa sababu hujaufunga popote. Kamba hizo zichore kwa penseli hafifu kila mara, hata ukishazoea. Mimi hadi leo nazichora.

Halafu hesabu vichwa. Mtu mzima ana urefu wa vichwa vyake saba hadi vinane. Mtoto wa miaka tisa ana kama sita. Katuni hailazimiki kufuata hesabu hiyo, ukimpa vichwa vitatu anakuwa mdogo wa kubembelezwa, ukimpa vinne anaonekana mtoto mwenye majukumu. Uamuzi ni wako, lakini ukishaamua andika kwa wino pembeni ya karatasi: Sekela vichwa vitatu na nusu, mama vichwa sita. Maandishi hayo ndiyo yatakayomzuia asimpite mama yake ukurasa wa 9.

Ukishapata hayo chora karatasi ya mhusika. Studio za katuni hazianzi kuchora picha za mwisho kabla ya karatasi hiyo, kwa sababu wachoraji ni wengi na wote lazima watoe mtu yuleyule. Wewe uko peke yako, lakini mkono wako wa Jumatatu na wa Ijumaa ni kama wa wachoraji wawili. Msimamishe kwa mbele, kwa robotatu, yaani amegeuka nusu kati ya mbele na ubavu, kwa ubavu na kwa mgongo, wote kwenye mstari mmoja wa ardhi, na rula ipite usawa wa utosi, macho, kidevu, kiuno na magoti ya wote wanne. Wengi huruka mgongo. Wewe usiuruke, huyu mtoto anaondoka nyumbani kila siku na msomaji atauona mgongo wake mara nyingi. Karatasi ya pili iwe ya uso peke yake: akicheka, akikasirika, akiona haya, akisinzia, akiwa ameonja kitu kichungu. Zote mbili zibandike ukutani juu ya mashine.

Hayo ni ya mkono. Lililonifanya nikae kuandika ni jingine.

Umetuambia kidevu, macho, gauni. Hujatuambia Sekela anatembeaje. Mtoto aliyeshika kidumu cha lita tano hasimami kama aliyeshika daftari. Mwili wote unalalia upande wa pili, mkono mtupu unatoka nje kutafuta mizani, shingo inajirekebisha. Mimi siku nisizo na kazi hukaa Ipogolo, pale barabara inapoanza kupanda kwenda mjini, nawachora wanaopanda. Kila mtu sekunde thelathini. Kwanza mstari mmoja tu, kutoka kisiginoni hadi utosini, jinsi alivyopinda. Kisha kichwa, kifua, kiuno. Nguo ni za mwisho, na mara nyingi mtu ameshapita kabla sijazifikia. Tumia kalamu, si penseli, ili usishawishike kufuta. Nafikiri Sekela wako ni gogo akikimbia kwa sababu unachora kiwiliwili kilichosimama wima halafu unakunja miguu chini yake. Mstari wa kwanza ukiwa umepinda, kila kitakachofuata kitapinda nao.

Nilipokuwa mdogo baba yangu alileta nyumbani gazeti la Uhuru, na humo alikuwamo Chakubanga, mhusika wa katuni za Christian Gregory. Nilikuwa sijui kusoma lakini nilimjua Chakubanga popote ukurasani. Leo vijana wanamjua Kipanya wa Masoud kabla hawajasoma neno alilosema. Hawakuambiwa na mtu, umbo lenyewe limewaambia.

Basi fanya jaribio hili usiku wa leo. Mchukue Sekela, umjaze wino mweusi mwili mzima, asibaki na jicho wala mdomo wala ua la gauni. Una mashine mbele yako, mpunguze hadi asilimia 25. Akitoka kama doa linaloweza kuwa mtoto yeyote, bado hujampata. Jiwe la Gangilonga huku kwetu unalijua hata giza likishaingia.

Na nijibu swali moja. Anavaa nini miguuni?

Mwalimu_Makete aliandika:

Habari zenu. Kuchora sijui. Nafundisha darasa la tatu huku Makete, na picha za vitabuni nazitumia kila siku, kwa hiyo nitasema kama mtumiaji.

Dada, kwenye kurasa ulizoweka Sekela ana nywele ndefu zimefungwa utepe. Mtoto wa shule ya msingi huku nywele zake ni fupi, zimekatwa. Wanafunzi wangu hilo wanaliona kabla hata sijafungua mdomo, na wakishaona mtoto wa kitabuni si mwenzao wanamtazama kama mgeni. Tena saa 12 asubuhi Rungwe, kama ilivyo huku, ni baridi na ukungu. Gauni la mikono mifupi? Sweta liko wapi? Mtoto wa nyanda za juu huvuta mikono ya sweta ikafunika vidole, na akisema neno mdomo unatoa moshi. Hayo mawili ukiyachora, mtoto wa Tukuyu atajua bila kuambiwa.

Nina kipimo changu pia. Mhusika akiwapendeza, watoto humchora wenyewe uwanjani kwa kijiti wakati wa mapumziko. Wasiyemweza hawamchori, na baada ya wiki hawamtaji. Nimewatazama miaka mingi, wanayemweza ni yule mwenye kitu kimoja au viwili vya kushika, labda masikio, labda kofia, labda tumbo. Tafuta mtoto wa darasa la tatu, mwonyeshe Sekela kwa dakika moja, umfiche, umpe kijiti amchore kwenye vumbi. Usimsaidie. Kitakachotokea vumbini ndicho anachokibeba kichwani.

Penseli_Mwanjelwa aliandika:

Asanteni sana. Shikamoo baba Fundi. Mwalimu, nimesoma maneno yako nikanyamaza, maana mimi mwenyewe nilinyolewa hadi namaliza darasa la saba, halafu nimemchora mwenye utepe.

Doa nimelitoa jana usiku baada ya kufunga duka. Asilimia 25. Lilikuwa kama kengele yenye miguu. Nikatoa na la mtoto mwingine niliyewahi kumchora, wa hadithi tofauti kabisa, nikayaweka pamoja. Yalifanana.

Swali la miguuni limenikalisha chini. Nilikuwa nimemvisha kandambili. Sasa ngoja niwaambie ukweli ambao sikuuandika mwanzo: hadithi hii ni yangu. Nimekulia upande wa Kiwira. Nilipeleka maziwa tangu darasa la tatu, na kwa ile mvua yetu na ule udongo nilivaa gambuti za kaka yangu. Zilikuwa namba nane, nilijaza matambara mbele. Juu zilinikwaruza shavu la mguu mpaka alama ipo leo. Nilijifunza kutembea bila kuinua kisigino, maana ukikiinua mguu unatoka na gambuti inabaki kwenye tope. Unaburuza, unaburuza, huku kidumu kinakugonga goti. Nikikaribia kituo walikuwa wanajua ni mimi kabla sijatokea kwenye ukungu, kwa ule mlio.

Gambuti sikumpa Sekela kwa sababu nilitaka apendeze. Sikutaka mtu aseme mtoto maskini.

Kwa hiyo baba, nimpe? Na nikizichora kubwa kama zilivyokuwa, si ataonekana amechorwa vibaya?

FundiMabango_Iringa aliandika:

Mpe leo hii.

Zichore kubwa kuliko hata zilivyokuwa. Zimfike magotini. Ziwe kitu kizito kuliko vyote katika mchoro, jicho likitua kwanza litue hapo. Haitaonekana kosa iwapo vilivyobaki utavipunguza: miguu myembamba inayozama ndani ya mdomo mpana wa gambuti, magoti yanayokaribiana, nafasi tupu kati ya shavu la mguu na mpira ambayo msomaji aione. Kosa huonekana pale kitu kinapozidi kidogo, mtazamaji akashindwa kujua kama ulikusudia. Ukizidisha kwa makusudi anakuelewa.

Na ule mwendo wa kuburuza kisigino ndio mwendo wake katika kurasa zote 12. Goti linakwenda mbele, kisigino kinabaki chini, mwili unalala mbele kidogo kwa sababu buti linamrudisha nyuma. Hakuna mchoraji wa Japani wala wa Marekani anayeujua mwendo huo, wewe unao mguuni. Vua viatu usiku, vaa gambuti kubwa ya kuazima, tembea chumbani na ndoo yenye maji mkononi. Mwombe mdogo wako akupige video ubavuni. Kisha isimamishe video mara tano kwa kila hatua, na kila mara uchore mstari wa mwili. Hiyo ndiyo shule.

Kuhusu umaskini, mwanangu, nimekuelewa vizuri sana. Nimechora watoto wengi kwenye mabango na nimeombwa mara nyingi wawe na huruma usoni, wamekonda, wanatazama juu. Mtoto anakuwa wa kuhurumiwa kwa vile unavyomsimamisha, nguo pekee hazimfanyi hivyo. Msimamishe Sekela kama mtu mwenye shughuli, kidevu mbele, anayejua njia, aliyekereka kwa sababu kituo kinafunga. Buti la kaka yake litakuwa chombo chake cha kazi.

Macho yapunguze. Macho makubwa hayana kosa lolote, lakini ulimpa hayo kwa sababu uso ulikuwa unabeba kila kitu peke yake. Sasa buti linabeba, mwendo unabeba, macho yanaweza kuwa nukta mbili na nyusi. Nyusi zifanyie kazi hasa, ndizo zitakazosema hasira na wasiwasi.

Nywele fupi, kama mwalimu alivyosema, halafu kofia ya sufu yenye kidonge cha nyuzi juu. Nina sababu. Kidonge ni mviringo, na mviringo unabaki mviringo kwa upande wowote kichwa kinapogeukia. Mickey Mouse tangu 1928 masikio yake ni miduara miwili, ageuke mbele au ubavu. Sikio la kweli haliwezi kufanya hivyo, lakini jicho limekubali kwa sababu ndiyo alama yake. Sekela anahitaji kitu cha namna hiyo cha kumtambulisha akiwa mbali.

Na yule anayepima maziwa kituoni mfikirie kwa umbo kabla ya sura. Mistari ya mviringo hulainisha mtu, mraba humfanya imara asiyesukumika, pembe kali humfanya wa kuogopwa. Kama kwenye hadithi Sekela anamwogopa mwanzoni kisha anagundua ni mtu mwema, usimpe pembe. Mpe mraba, mkubwa, unaojaza mlango.

LeyaTatu aliandika:

Baba Fundi nimekubali. Jana nilimchora mhusika wangu akiinama kufunga kamba za viatu, nikabandika uso kama kawaida yangu, nikaona uso unanitazama mimi wakati mwili unatazama chini. Nimeanza na kamba zako mbili, naharibu lakini naona mwanga.

Dada, gauni la maua naunga mkono liondoke, tena kwa sababu nyingine. Siku ukitaka Sekela atembee kwenye video utakutana na hesabu hii. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde. Wengi huchora 12, kila mchoro unakaa nafasi ya picha mbili, na jicho linaridhika. Dakika moja ni michoro 720. Gauni lenye maua kumi ni maua 7,200 ya kuchora kwa dakika moja, na kila moja likae mahali pake. Sweta la rangi moja, labda na mstari mmoja kifuani, litakuokoa. Hata kwenye kitabu utaliona hilo ukifika ukurasa wa 12.

Kama huna meza ya taa ya kunakilia, kioo cha dirisha mchana kinatosha. Bandika karatasi ya mhusika kwenye kioo, weka nyeupe juu yake, jua linakufanyia kazi.

Parachichi_Njombe aliandika:

Nimefurahi kusoma. Nitasema la sheria tu, maana naona michoro inamwagwa humu wazi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inalinda kazi tangu inapotengenezwa, kwa hiyo Sekela uliyemchora ni wako hata kabla ya kusajili popote. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Wazo la mtoto anayepeleka maziwa halilindwi, mtu mwingine anaweza kuandika lake. Boksi lako la chini ya kaunta lisitupwe, andika tarehe nyuma ya kila karatasi. Na mchapishaji akikuletea mkataba, soma mahali panaposema unauza nini. Michoro ya kitabu kimoja ni kitu kimoja, kumuuza Sekela mwenyewe na kila atakachofanya baadaye ni kitu kingine kabisa.

Penseli_Mwanjelwa aliandika:

Narudi baada ya wiki mbili na siku tatu. Samahanini kwa ukimya, ni kipindi cha mitihani, kila mwanafunzi wa Mbeya anataka kopi.

Jumapili ya kwanza nilipanda Koasta nikaenda Kiwira, nikakaa karibu na wauza ndizi tangu asubuhi hadi mvua iliponifukuza. Nilichora watu 43 kwa kalamu. Kumi na mmoja nawapenda. Mama mmoja alikuwa anashusha mkungu kutoka begani, mwili wake wote ulikuwa upinde mmoja, nikaupata kwa mstari mmoja tu, nikaona mkono wangu umefanya kitu ambacho haujawahi kufanya. Nilitaka kumwita aone lakini wateja walimjaa.

Ndoo na gambuti nimefanya, baba. Mdogo wangu alipiga video. Kisigino hakiinuki kweli, mwili bado unakumbuka.

Doa la pili la asilimia 25 limetoka tofauti kabisa. Kidonge juu, sweta pana, miguu miwili kama njiti, gambuti mbili, kidumu kimening'inia upande mmoja na mkono mwingine umetoka nje. Nimelikata nikalibandika kwenye kava la simu. Jioni ya leo Mlima Loleza ulikuwa mweusi nyuma ya nyumba, mstari wa juu tu ndio unaonekana, nikausimamia kidogo kabla ya kuingia ndani.

Mwalimu, kijiti nimekijaribu kwa mtoto wa jirani, yuko darasa la tatu. Alichora gambuti kwanza. Kisha kofia, kisha kidumu, akaunganisha kwa mstari. Uso hakuchora kabisa. Nilipomuuliza huyu ni nani akaniambia, "Ni yule wa maziwa."

Karatasi ya mhusika ilinichukua siku nne. Mgongo ulinisumbua, ulikuwa mtupu, hauna cha kuusema. Halafu nikakumbuka sweta langu lilikuwa limefumuka nyuma karibu na shingo, mama akashona kwa uzi wa rangi nyingine. Nimemwekea Sekela kiraka hicho. Sasa akiondoka unamjua. Vichwa vyake ni vitatu na nusu, nimeandika kwa wino.

Kurasa za hadithi nimezianza upya, nipo ya 3. Nimezipanga sakafuni na ni mtoto yuleyule. Nimezihesabu macho, kidevu, kofia, kama mtu anayehesabu fedha.

Kilichonishinda ni mama yake. Kila nikimchora anatoka Sekela aliyevutwa akawa mrefu, uso uleule, bega lilelile. Nimejaribu yai, nimejaribu boga, bado. Mama yangu anakuja Jumamosi na ndizi kutoka nyumbani, nitamwomba asimame mlangoni kama alivyokuwa akisimama kuniangalia nikiondoka. Baba Fundi, kuna namna ya kumchora mtu unayemjua sana mpaka humwoni? Nafikiri nianze na mgongo.